Kikuza Sauti cha Valvu: Umeme Usiolala Upesi

Huenda nyumbani kwako yuko kijana apendaye kufungua redio mbovu ili aone kinachosema ndani. Usimfukuze. Lakini akikuambia kwamba sasa ataka kuunda kikuza sauti cha valvu kwa mikono yake, keti naye kwanza msome habari hizi pamoja, maana kazi hiyo ni nzuri, nayo yaweza kuua.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa. Katikati mna kibomba chembamba cha madini kinachopashwa moto na waya uliomo ndani yake. Kikishika moto, chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni hukitoka na kuruka mpaka kwenye bati lililokizunguka, kwa sababu bati hilo limetiwa umeme mkali wa kuzivuta. Kati ya viwili hivyo pamewekwa wavu wa waya mwembamba, na hapo ndipo penye akili yote. Wewe unayelima kwa mfereji wajua: hata mtoto akiinua kibao cha mlangoni, maji mengi huenda, akikishusha, husimama. Wavu ndio kibao hicho. Sauti dhaifu ya gramafoni huutikisa kidogo tu, na umeme mwingi hufuata mtikiso uleule hata kufika kwenye spika. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu isiyo na wavu mwaka 1904. Mmarekani Lee de Forest akautia wavu mwaka 1906.

Ufundi wa kuunda nyumbani ulistawi sana Uingereza baada ya vita vilivyokwisha 1945. Vikuza sauti vizuri vya dukani vilikuwa ghali, na vipuri vilivyobaki jeshini viliuzwa kwa bei ndogo. Mwezi wa Aprili na Mei 1947 gazeti la Wireless World lilichapa mchoro wa D. T. N. Williamson, wa wati 15, na watu wengi wakauunda mezani kwao. Mwaka 1954 kampuni ya Mullard ikatoa mchoro wake ulioitwa 5-10, yaani valvu tano, wati kumi. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka uleule wa 1947, baadaye ilichukua nafasi ya valvu. Hata hivyo ufundi haukufa, na valvu mpya zimeendelea kutengenezwa Urusi, China na Slovakia.

Nisikufiche jambo la gharama. Valvu iitwayo EL84, impasayo mwanafunzi, hula wati 12 ili itoe wati 5 na ushei za sauti, mbali na umeme wa kuipasha moto. Kama nyumba yako yategemea umeme wa jua, nunua cha transista, hutajuta. Cha valvu ni cha mtu atakaye kujifunza, kwa kuwa ndani yake kila kitu chaonekana kwa macho.

Haya, kijana ameanza. Vitu vizito, yaani transfoma, vifungwe kwanza juu ya sanduku la bati. Ile ya kuleta umeme na ile ya spika zikae mbali, moja ikiipa nyingine ubavu, la sivyo ya kwanza itaivumia ya pili. Kisha zilazwe waya za kupashia valvu moto, kabla ya waya nyingine zote. Hizo hupitisha umeme unaogeuka kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Zikipita karibu na waya wa wavu, spika itavuma kama mzinga wa nyuki hata nyimbo zisisikike. Dawa yake ni kuzisokota mbili pamoja kama kamba na kuzibana pembeni mwa sanduku. Wengi huacha kazi hii iwe ya mwisho, nao hutafuta mvumo huo majuma mazima.

Asiwashe kamwe kabla hajafunga spika. Transfoma yake yaweza kuungua.

Sasa sikieni vema, wazazi. Ndani ya sanduku hilo mna volti 250 au zaidi, nazo hazitoki plagi inapong'olewa. Kuna vipuri viitwavyo kapasita, ambavyo huweka umeme kama mtungi uwekavyo maji. Kijana aweza kuzima, akala chakula chake, akarudi kugusa, akapigwa. Basi kila mara baada ya kuzima aumwage kwa rezista ya omu 10,000 iliyo nene na yenye mishiko isiyopitisha umeme, kisha apime kwa mita mpaka sindano ilale. Akipima palipo na umeme, mkono mmoja ukae mfukoni, ili umeme usipite kifuani toka mkono hata mkono. Waya wa ardhi wa plagi ufungwe kwa skrubu kwenye bati lenyewe. Tena ajue kwamba redio nyingi ndogo za zamani hazikuwa na transfoma ya kuleta umeme. Bati lake liliungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Redio ya namna hiyo asiifungue ikiwa kwenye plagi.

Siku ya kuwasha, umeme upitishwe kwanza katika balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60. Kama kazi ni njema, balbu itang'aa kidogo, kisha itafifia, na valvu zitaanza kuwa nyekundu polepole. Ikiendelea kung'aa kwa nguvu, kuna waya zilizogusana. Ang'oe plagi, aumwage umeme, apime, ndipo atafute tone la risasi lililodondoka mahali pasipo pake.