Itazame Mikono ya Mhudumu

Mtu akiulizwa kama zahanati ya mtaani kwao ni nzuri, mara nyingi atataja jengo, urefu wa foleni, lugha ya manesi na kama dawa zipo dirishani. Hayo yote yana uzito wake. Lugha chafu peke yake imewafanya wajawazito wengi waamue kujifungulia nyumbani. Lakini ukuta uliopakwa rangi jana na nesi mcheshi havituambii kama sindano ni salama, wala kama homa ya mtoto imechunguzwa ipasavyo. Usalama wa zahanati umo katika yale yanayofanyika mgonjwa anapoguswa, na sehemu kubwa ya hayo mgonjwa anaweza kuyaona mwenyewe akijua atazame wapi.

Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Shirika la Afya Duniani unaonyesha hilo wazi. Watafiti waliingia vyumba vya matibabu wakahesabu zaidi ya mara 106,000 ambazo mhudumu alipaswa kuchukua hatua ya kuzuia maambukizi. Kwenye sindano na uchukuaji wa damu ya vipimo, utaratibu ulifuatwa kwa asilimia 87. Kwenye usafi wa mikono, asilimia 2 tu. Mtu atasema maji hayakuwepo, au wahudumu hawakufundishwa, lakini utafiti uleule ulikuta kwamba ujuzi na vifaa vilichangia kidogo tu. Kwa maoni yangu, tofauti imo katika kinachodaiwa. Tangu ukimwi uingie, mama yeyote anajua kwamba sindano mpya hutolewa kwenye pakiti mbele yake, na ikitokea imeshafunguliwa atauliza. Ni nani amewahi kumuuliza tabibu kama amenawa?

Uchunguzi nao unaweza kuonekana. Chukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeletwa na kikohozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mhudumu aulize kama mtoto ananyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Kisha nguo ipandishwe, kifua kionekane, na pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Kwa umri huo, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kazi hii inahitaji saa na subira, haihitaji mashine. Mzazi aliyeandikiwa dawa ya nimonia bila nguo ya mwanawe kupandishwa ameshapata taarifa muhimu kuhusu zahanati hiyo. Vivyo hivyo kwa anayeambiwa ana malaria kabla hata kidole hakijatobolewa, ilhali tangu mwaka 2010 shirika hilo limependekeza kupima kwanza.

Kuna watakaosema mgonjwa si mtaalamu, na hawezi kumkagua daktari. Kweli, hawezi kujua kama dozi ni sahihi wala kama kifaa cha kushonea kimetakaswa vya kutosha. Hoja nzito zaidi ni kwamba vijijini zahanati huwa moja, na nesi mmoja ndiye anayezalisha, anayechanja na anayegawa dawa. Kumhukumu nesi huyo kwa ukali si haki, na mgonjwa akikasirika hana pengine pa kwenda. Ndiyo maana jicho la mgonjwa lazima liungane na ukaguzi. Jaribio lililofanyika katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru nchini Kenya lilionyesha kwamba ukaguzi wenye alama na hatua za kisheria uliinua usalama katika vituo vya serikali na vya binafsi, bila kuwaongezea wagonjwa gharama.

Tanzania nayo ilianza kuvipa nyota vituo vya afya ya msingi mwaka 2015/16, kuanzia sifuri hadi tano. Takriban theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Tathmini iliporudiwa mwaka 2017/18, vya sifuri vilikuwa vimebaki vichache sana. Si kila nyota iliyoongezeka ilimfikia mgonjwa, maana makaratasi hurekebishwa upesi kuliko mazoea. Hata hivyo kila kituo kilichokaguliwa kilipaswa kubaki na mpango wa kurekebisha mapungufu yake, na zahanati ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Kwenye mkutano ujao wa kijiji au mtaa, waulize wajumbe wa kamati hiyo: tulipata nyota ngapi, lini, tulipungukiwa nini, na kipi kimesharekebishwa?