Kobalti inatoka kwetu, ordinatere ya watoto iko wapi?

Ku Kolwezi, ku Likasi, ku Fungurume, kungali masomo mengi ambamo mwalimu anafundisha ordinatere na chaki. Anachora klavye ku ubao, herufi moja moja, watoto wanakopia mu kaye. Mutoto anaweza kumaliza sekondari bila kugusa ordinatere hata siku moja.

Na karibu na ile masomo, makamio yanapita muchana na usiku, yanabeba kobalti. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa inaingia mu batri za telefone, za ordinatere na za motokari. Jasho la baba linazunguka dunia, lakini mutoto wake anaandika ku klavye ya chaki.

Je, feza ya kubadilisha ile mambo iko? Iko, tena imeandikwa mu sheria.

Tarehe 9 Machi 2018, sheria ya madini ya mwaka wa 2002 ilibadilishwa. Tangu pale, kila kompani yenye kuchimba inalazimishwa kutenga asilimia 0,3 kwa uchache ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoishi karibu na machimbo. Ndiyo ile wanaita dotasyo. Tupige hesabu: kompani ikiuzisha madini ya dolari miliyari moja, dotasyo ni dolari miliyoni tatu. Si Serikali njo inaikamata: inaongozwa na komite ambamo wajumbe wa kompani wanaikala pamoja na wajumbe wa wakaaji.

Kuna mufuko wa pili. Ku redevansi ambayo kompani inalipa, asilimia 15 inaenda kwa muji, komini, sekta ao sheferi kwenye madini yanachimbwa.

Basi, juu gani ordinatere hazionekane mu masomo? Mara nyingi, juu hakuna mwenye aliziomba. Wakati wa kuandika miradi, watu wanataja barabara, maji, santere ya afya. Vyote ni vya lazima. Lakini muzazi asiponyoosha mukono kwa ajili ya masomo, hakuna atakayemunyooshea.

Tena, kuomba ordinatere peke yake haitoshi. Wengi wetu tunajua ile hadisi: vyombo vinafika, watu wanapiga picha, kisha miezi sita chumba kinafungwa na kufuli, vumbi inakaa juu. Umeme haukuwa, ao mwalimu hakujua kuvitumia, ao wezi walivunja dirisha. Kwa hiyo, barua ya wazazi iombe mambo matano pamoja: vibao vya jua na batri zake, mulango wa chuma na mulinzi, mafunzo ya walimu, feza kidogo ya kutengeneza kila mwaka, na vitabu vyenye kusomwa bila intaneti.

Hili la mwisho linastahili kueleweka. Mega ni bei kali, lakini masomo yanaweza kufanya bila mega. Kuna kifaa kidogo, ukubwa wa kiganja, chenye kuwekwa mu darasa. Ndani yake munaingia Wikipedia yote ya Kifaransa, pamoja na masomo ya hesabu na ya sayansi. Kinatoa Wi-Fi, watoto wanasoma ku tableti ao ku ordinatere za zamani, na hakuna unite inalipwa.

Baba, mama, wiki hii muulize maswali matatu. Nani anatusimamia mu komite ya dotasyo? Mwaka jana iliingia feza ngapi, ilijenga nini? Mukutano wenye kupanga miradi utakuwa siku gani? Kisha mukae na mukubwa wa masomo, muandike barua, kila kitu na bei yake, mubaki na kopi yenye kutiwa muhuri.

Na wewe ndugu kreseri, usiseme «ile ni mambo ya wafanyakazi wa kompani». Dotasyo ni ya wakaaji wote wenye kuguswa na machimbo, na vumbi ya makamio haiulize nani ana kontrati. Mutoto wako naye ni wa mule.

Ile feza si sadaka, na kuidai si fujo. Ni haki, lakini haki inapenda mwenye kuifuata.