Mkaa wa Limbo una umri gani?

Gunia la mkaa linalotoka kandokando ya msitu wa Ruvu Kusini, unaozigusa Kibaha na Kisarawe, lina unururifu. Si jambo la kutisha. Kila mti huvuta hewani kaboni-14 kidogo, na viini vya kaboni hiyo huvunjika kimoja kimoja vikageuka naitrojeni. Katika gramu moja ya kaboni mpya huvunjika kama 14 kila dakika. Mti ukifa, haupati nyingine, na baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Muda huo ndio nusumaisha. Wengi hudhani nusu ya pili nayo itamalizika katika miaka 5,730 inayofuata, kumbe hupungua kwa nusu tena, ikabaki robo. Kiini hakizeeki: kilichodumu miaka elfu kumi kina nafasi ileile ya kuvunjika kesho kama kilichoundwa leo. Kimoja hakitabiriki hata kidogo, lakini mabilioni yakiwa pamoja hutabirika vizuri ajabu.

Hesabu hiyo ya umati ndiyo inayotupa sababu ya kuamini kwamba Limbo, eneo ambalo mwanaakiolojia Felix Chami aliliandikia tasnifu mwaka 1988 kama sehemu ya Wilaya ya Kisarawe, watu waliyeyusha chuma takriban miaka elfu mbili iliyopita. Mkaa wa umri huo unapaswa kuwa na asilimia 78 hivi ya kaboni-14 yake ya awali, yaani viini kama 11 vinavyovunjika kwa dakika katika kila gramu badala ya 14. Atakayeuliza kama moto wa tanuru haukuivuruga saa hiyo ya kaboni ajibiwe kwamba moto hugusa elektroni za nje tu. Kiini hakina habari nao. Mizizi ya juzi iliyopenya udongoni? Ikichangia asilimia moja ya kaboni ya sampuli, umri utapungua kwa miaka ishirini na kitu, basi. Wengine huziona alama za kujumlisha na kutoa kwenye majibu ya maabara wakasema wataalamu wanabahatisha. Kinyume chake: ukihesabu mivunjiko 10,000, kazi ya zaidi ya saa 15 kwa gramu moja ya mkaa huo, mashaka ni asilimia moja, na asilimia moja ni miaka 80 hivi. Hata kubadilikabadilika kwa kaboni-14 ya hewani hurekebishwa kwa pete za miti ya kale.

Pingamizi lenye uzito kweli ni jingine, na halihusu fizikia. Kaboni-14 hutaja wakati pete ya mti ilipoota, haitaji siku mfua chuma alipowasha tanuru. Moyo wa gogo la mti ulioishi miaka mia mbili ulishaacha kupokea kaboni zamani, kwa hiyo mkaa wake utaifanya kazi ya watu wa Limbo ionekane kongwe kuliko ilivyokuwa. Mashine iwe nzuri kiasi gani, haiondoi kosa hilo; huondolewa na mchimbaji anayechagua kijiti chembamba au ganda la mbegu iliyoungua, akaliacha pande la gogo hata likiwa kubwa na zuri.