Vyombo vya Kutandazia Mawe Njiani

Mtu ashukaye katika kituo cha Kilosa na atazame chini kabla hajaenda zake. Ataona kwamba mataruma ya reli hayakulazwa juu ya udongo mtupu, bali juu ya kokoto. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Na tawi lake lipitalo Mikumi lilifika Kidatu mwaka 1965. Zamani kokoto zilishindiliwa kwa mikono, kwa sururu yenye ncha butu, mpaka taruma likatulia.

Kutandaza mawe barabarani ni ndugu ya kazi hiyo, na vyombo vyake vya kale ni vichache. Cha kwanza ni uzi na vigingi, vionyeshavyo mstari na mwinamo wa njia. Cha pili ni nyundo ya fundi: upande mmoja kichwa cha kugongea jiwe, upande wa pili bapa kama kijembe, wa kukwangulia mchanga. Fundi hulisimamisha jiwe mchangani, akaliacha limeinuka kidogo kupita kimo kitakiwacho. Cha tatu ni kishindilio, gogo zito lenye mikono miwili. Wafaransa walikiita mwanamwali, maana chafanana na msichana aliyeshika kiuno. Hicho ndicho kiyashushacho mawe yote yawe sawa.

Je, jasho lote hilo ni la nini? Ni kwa ajili ya maji. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu reli baina ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wakakosa makao. Maji hayashindani na jiwe. Huchukua kilicho chini yake. Kwa hiyo jiwe zuri lisiloshindiliwa ni bure, na njia isiyo na kingo wala mfereji haikai.

Basi, enyi walimu, masika hayajafika. Chukueni uzi, nyundo na gogo, mkatengeneze pamoja na watoto hatua kumi tu za njia iendayo kisimani. Mvua ikiisha, kaitazameni tena. Jiwe litakalokuwa limelegea litawafundisha watoto kuliko maneno yetu, nao watajua ni wapi mkono ulichoka kabla ya kazi kwisha.