Siku Mbili Lisbon: Uliza Nani Alilipa

Mtalii mwenye siku mbili Lisbon hukabidhiwa orodha ileile: tramu namba 28, vikeki vya krimu vya kitongoji cha Belém, ngome ya São Jorge, kisha machweo kwenye mto Tejo. Orodha hiyo haina ubaya, ila inampandisha mtu kilimani na kumteremsha bondeni bila swali lolote kichwani, na jioni picha za simu zinabaki kuwa ushahidi pekee kwamba alifika. Ziara fupi haiokolewi kwa kuongeza vivutio. Inaokolewa kwa kuchagua swali moja na kulifuata mpaka mwisho. Kwa Lisbon swali hilo ni hili: fedha za kuujenga mji huu zilitoka kwa nani? Ni swali linalojibika kwa muda mfupi kwa sababu ushahidi wake uko hadharani, na kwa msomaji wa Kiswahili sehemu ya jibu inatoka Kilwa.

Pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, katika mtaa wa Janelas Verdes, ambayo watalii wengi huipita wakikimbilia Belém. Humo kuna chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kile ambacho Wakatoliki hukiita monstransi. Ni cha dhahabu na rangi za enameli, urefu wake unazidi kidogo sentimita 70, na katikati mitume 12 wamepiga magoti. Kazi hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama ndiye yule mwandishi wa tamthilia mwenye jina hilohilo, lakini ubishi huo tuwaachie wenyewe. Linalotuhusu ni maandishi ya kwenye kitako chake. Yanaeleza kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Kodi hiyo ilianzia mwaka 1502, pale Vasco da Gama, nahodha wa Manuel, alipotia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa huko, Amir Ibrahim, kuahidi kodi ya kila mwaka, la sivyo mji ungeteketezwa. Miaka mitatu baadaye kikosi cha Wareno chini ya Francisco de Almeida kiliuteka mji huo na kujenga ngome. Mfalme hakuficha chanzo cha dhahabu yake. Alikiandika ili kila anayepiga magoti mbele ya chombo akijue. Ni nadra kwa dola kuacha stakabadhi ya wazi namna hiyo.

Ukishaisoma stakabadhi hiyo, Belém huonekana tofauti. Monasteri ya Jerónimos, ambayo Manuel alianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, na ambayo monstransi ile ilikusudiwa iwe mali yake, iligharimiwa kwa kiasi kikubwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki. Ujenzi ulichukua takriban miaka 100. Mawe yake ya chokaa yamechongwa kamba za merikebu na vifaa vya kupimia anga, maana waashi walijua ni chombo gani kilicholeta mishahara yao. Ndani, karibu na mlango, liko kaburi la da Gama. Lango la kusini linastahili nusu saa nzima. Mnara wa Belém, ulio mwendo mfupi kutoka hapo, hupendeza zaidi ukitazamwa kwa nje, kwa hiyo asiye na muda asijitese kupanga foleni.

Wapo watakaosema kwamba naikuza Kilwa kupita kiasi. Utajiri wa Ureno wa wakati ule ulitegemea zaidi pilipili manga ya India, na dhahabu ya Kilwa ilikuwa tone tu. Ni kweli, lakini hoja haihusu kiasi. Pilipili ililiwa ikaisha, na hesabu zake zinahitaji mtaalamu wa nyaraka. Monstransi ipo, na mtalii asiyejua lolote anaweza kusimama mbele yake akaelewa jinsi biashara, kanisa na mizinga vilivyofanya kazi pamoja. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikapitia Sofala, na masultani wa Kilwa walineemeka kwa kuitawala njia hiyo; msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa, ambavyo magofu yake bado yapo Kilwa Kisiwani, vilijengwa kwa faida ileile. Basi swali la nani alilipa lazima lipite Kilwa na kufika hadi kwa mchimbaji wa bara, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye kitako cha chombo chochote. Swali linalomgusa hata anayeliuliza ndilo linalofaa kubebwa safarini.

Siku ya pili ni ya Baixa, bonde la katikati ya mji. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi, mawimbi ya tsunami na moto uliowaka kwa siku kadhaa viliangamiza sehemu kubwa ya Lisbon. Jumba la kifalme la ukingoni mwa mto liliteketea pamoja na maktaba yake, na nyaraka za ofisi iliyosimamia biashara ya Mashariki zikapotea. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal aliujenga upya mji kwa mitaa iliyonyooka, na nyumba zikawekewa kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko mwingine. Kwa uhandisi huo Lisbon inastahili heshima isiyo na masharti. Hata hivyo, mitaa ya Dhahabu na Fedha ilipochorwa hapo, dhahabu ya Ureno ilikuwa ikitoka Brazili, ikichimbwa kwa mikono ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mlipaji wa karne hiyo hakuwa yule wa 1506, ila naye alilipa bila kuulizwa.

Wengine watalalamika kwamba utalii wa namna hii hutia uchungu katika uzuri, na kwamba mtu aliyelipia nauli ana haki ya kufurahi. Haki hiyo anayo. Ila nasita kukubali kwamba kujua hupunguza furaha, kwa kuwa anayejua hutazama kwa muda mrefu zaidi. Ushahidi ni Mnara wa Ugunduzi, pale Belém, unaopigwa picha na kila mtu. Uliojengwa mwaka 1940 kwa ajili ya maonyesho ulikuwa wa muda. Wa sasa ni wa mwaka 1960, na sakafu yake yenye dira kubwa ya marumaru ilikuwa zawadi ya serikali ya makaburu ya Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam. Kwa asiyejua, pale ni mahali pa kupiga picha tu. Kwa anayejua, ni Ureno ikijisifia himaya iliyobakiza miaka 15 kuipoteza Msumbiji.

Makumbusho ya Sanaa ya Kale na Monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu. Mwenye siku mbili tu asizipange ziangukie hapo, na akilazimika kuacha kimoja, aiache tramu.