Wikendi ya mawimbi Ghana: Busua au Kokrobite?

Ukiwa Accra kwa kazi au mkutano na umebakiwa na Jumamosi na Jumapili za kujifunza kuteleza mawimbini kwa ubao, una sehemu mbili za kuchagua. Kokrobite iko pembeni mwa jiji, kama kilomita 30 upande wa magharibi. Busua iko katika nchi ya Waahanta, kupita Takoradi, safari ya saa tano hivi barabara ikiwa shwari. Wengi huanza kwa kulinganisha bei za vyumba. Mimi nakushauri uanze na saa. Wikendi ni fupi, na kila saa inayoishia kwenye foleni ni saa ambayo chumba na ubao umevilipia bila kuvitumia.

Bei za cedi, sarafu ya Ghana, zilizochapishwa miaka michache iliyopita usizitegemee. Mwishoni mwa 2022 mfumuko wa bei Ghana ulipita asilimia 50, kwa hiyo piga simu uulize bei ya wiki hiyo hiyo. Kisichobadilika sana ni mpangilio wa gharama, nini nafuu kuliko nini.

Kwenda Busua, nafuu kuliko zote ni trotro, ndugu wa daladala na matatu. Pale kituo cha Kaneshie, Accra, halina saa ya kuondoka. Linaondoka likijaa, na begi kubwa linaweza kutozwa nauli yake. Nauli ikiongezeka kidogo unapata basi dogo lenye kiyoyozi, au basi kubwa la kampuni ya STC lenye tiketi na saa maalumu. Mimi ningelipa hiyo tofauti bila kusita. Ukishafika Agona Nkwanta, njia panda ya Busua baada ya Takoradi, umebakiza kilomita kama 12 za teksi ya kuchangia. Hapo chunga mdomo wako: ukimwambia dereva unataka "dropping", umekodi gari zima na utalipia viti vyote vinne. Mkiwa wanne hakuna hasara. Ukiwa peke yako, subiri abiria wengine watatu.

Ndege ya Accra hadi Takoradi haifiki saa nzima angani, lakini ni ghali, na ukishatua bado unahitaji teksi ya kukufikisha Busua. Inamfaa anayebanwa na kazi Ijumaa, kwa sababu jioni njia ya kutoka Accra kupitia Mallam na Kasoa hujaa magari kupita kiasi. Watu wanne wanaweza kukodi gari na dereva, ila waelewane mapema ni nani anayelipa mafuta, chakula na malazi ya dereva. Maneno mengi ya Jumapili hutokana na hayo matatu.

Kwa nini basi mtu ajisumbue kwenda mbali hivyo? Kwa sababu ya maji. Aliyezoea Nyali ya Mombasa au Paje ya Zanzibar amezoea mwamba unaovunja mawimbi huko nje, ufukweni yakafika yamechoka. Ghuba ya Guinea haina kinga hiyo. Mawimbi yanayozaliwa na dhoruba za kusini mwa Atlantiki hupiga nchi kavu moja kwa moja, hata siku isiyo na upepo. Busua ina ghuba yenye mchanga chini na kisiwa kidogo mbele yake, kwa hiyo anayejifunza akianguka huangukia mahali laini. Kokrobite nako kuna mawimbi na walimu, lakini mvua ikinyesha, taka za plastiki za jiji hufika ufukweni. Kati ya Mei na Septemba bahari huwa na nguvu zaidi, na Mei na Juni ndiyo miezi ya mvua kubwa. Mgeni wa ubao atafurahia zaidi Novemba hadi Machi, ila Krismasi na sikukuu ya uhuru ya Machi 6 vyumba hujaa na bei hupanda.

Mwalimu ndiye wa kumlipa bila kubana. Kukodi ubao peke yake ni nafuu, lakini pwani hii ina mikondo inayovuta mtu kuelekea kilindini, na imeua watu. Kijana wa hapo anajua mkondo uko wapi leo. Uliza kama bei ya somo inajumuisha ubao, na uombe ule wa sponji, mrefu na mpana. Ubao wako uache nyumbani, maana gharama ya mizigo kwenye ndege itazidi kukodi. Suti ya kuogelea ya mpira haihitajiki. Fulana inatosha kuzuia michubuko ya kifuani.

Kwenye kulala punguza. Chumba cha feni kinatosha ikiwa dirisha lina wavu na umeme ukikatika kuna jenereta. Kula kwa mama wa kijijini: banku ya moto (ugali wa unga uliochachushwa), samaki wa kukaanga, kijiko cha shito (pilipili nyeusi ya Ghana), na mfuko wa maji wa nusu lita unaoung'ata pembeni. Kamba koche wa mkaani ni ghali zaidi, lakini hotelini Accra utalipa mara kadhaa ya hapo. Pesa taslimu chukua Takoradi au Agona kabla hujafika.

Ukiweza kutoka Accra Ijumaa kabla ya saa nane mchana, nenda Busua, na Jumapili uanze kurudi kabla ya adhuhuri. Ukishindwa, na ndege ni ghali kwako, chagua Kokrobite, ulale usiku mmoja, na fedha ya nauli iliyobaki mpe mwalimu kwa somo la pili.