Kufundisha Asili ya Faili katika Kompyuta

Miongoni mwa mada ambazo walimu wanafunzi huzipitia kwa haraka ni ile ya kutambua faili fulani limeletwa na kifurushi kipi cha programu. Hasara ya haraka hiyo tuliiona Mikumi, tulipokwenda kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao aliombwa apunguze mzigo katika kompyuta ya shule. Akaiuliza mashine kila faili ni la kifurushi kipi. Lisilo la kifurushi chochote akalifuta. Hivyo ndivyo zilivyopotea alama za Darasa la Sita za muhula mzima, na mwalimu wa darasa akalazimika kuzikusanya upya kutoka katika madaftari ya watoto.

Amri aliyoitumia ilikuwa sahihi. Katika mfumo endeshi wa Debian huandikwa dpkg -S /usr/bin/wc, na jibu huwa coreutils: /usr/bin/wc, yaani programu hiyo ya kuhesabu maneno imo katika kifurushi kiitwacho coreutils. Katika Fedora amri ni rpm -qf, ikifuatwa na anwani ya faili.

Alichokosa ni kuelewa jibu latoka wapi. Kwa sababu hiyo twapendekeza somo lianzie stoo, si mbele ya kompyuta. Huku Kilosa huwapa wanachuo leja na rundo la vitabu vya kiada, tukachanganya humo daftari moja la mwanafunzi. Wao hutafuta kila kitabu kilipokelewa kwa hati ipi. Daftari halionekani katika leja, maana halikupokelewa kutoka popote: liliandikwa hapa hapa. Je, lichomwe moto? Hapo darasa hucheka, na nusu ya kazi yetu imekwisha.

Kila kifurushi kinapowekwa katika Debian, orodha ya mafaili yake huhifadhiwa katika folda /var/lib/dpkg/info. Amri husoma orodha hizo tu. Haifungui faili wala haijui yaliyomo. Faili likihamishwa au likibadilishwa jina, halitambuliwi tena. Hata /etc/passwd, lenye majina ya watumiaji wote, si la kifurushi chochote, kwa kuwa hutengenezwa wakati wa kuweka mfumo. Likifutwa, hakuna atakayeweza kuingia.

Kuna na mtego mwingine. Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, hukana kulijua /usr/bin/ls, ilhali hulitambua likiitwa /bin/ls. Ni faili lile lile lenye anwani mbili, nayo leja imeandika moja.

Kwa zoezi, wanachuo waandike dpkg -L coreutils, wapate orodha nzima ya kifurushi, wachague majina matatu na kuyauliza kwa dpkg -S. Kisha waulize faili waliloliandika wao wenyewe, na waeleze katika madaftari yao kwa nini mashine imelikana.